Sura ya Sita: Dakika Nne za Mashine

Kufikia saa nne asubuhi ya Jumapili, Inspekta Modester Lukaza alikuwa ameshapiga simu kumi na moja, na hakuna hata moja iliyompa la kushika. Maalim Nabhan bin Seif, bingwa wa sataranji wa Pemba nzima, mtu wa miaka sitini na mbili anayeishi kwa sindano mbili za insulini kila siku, hajulikani alipo tangu jana jioni. Alicheza na kompyuta mbele ya watu mia mbili katika ukumbi mmoja wa Tibirinzi. Kompyuta ikamfunga. Maalim akainuka, akaipungia mkono ile skrini kwa mzaha, akatoka na kanzu yake nyeupe, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni.

Aibu imemla, ndivyo walivyosema Chake Chake nzima, na Chake Chake ikishakubaliana jambo huna utakaloiambia. Modester hakuwa na muda wa aibu. Mtu anaweza kuona haya akajificha, lakini haendi mafichoni akaiacha roho yake kwenye friji. Sindano ya jana jioni haikuchomwa. Ya leo asubuhi haikuchomwa. Daktari alimwambia kwa simu, bila kuzungusha maneno, kwamba mgonjwa wa namna hiyo akifika magharibi bila dawa ataanza kupoteza fahamu, na baada ya hapo yeye hana ahadi ya kumpa mtu. Modester aliandika neno "magharibi" kwenye daftari, akalipigia mstari, kisha akatamani asingeliandika.

Bi Zuweina, binti pekee wa Maalim, alikuwa kwenye benchi la ofisini tangu saa moja, buibui lake limekunjamana kwa kulala nalo. Hakulia. Kila simu ilipoita alisimama, na kila ilipokatwa alikaa, mpaka Modester akaanza kuiogopa simu yake mwenyewe. Kando yake alikaa Noel, fundi wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, shati limenyooshwa vizuri. Yeye ndiye aliyeileta kisiwani ile programu ya sataranji na kuandaa pambano. Tangu asubuhi hakubanduka pale ila kwa dakika chache. Alimletea Bi Zuweina chai na mandazi, akamtafutia chaja, akamwambia kila nusu saa kwamba baba atapatikana. Mandazi yalipoa bila kuguswa.

Noel huyohuyo ndiye aliyetoa fununu ya kwanza. Alieleza kwamba Maalim, alipokuwa anatoka ukumbini, alimnong'oneza kuwa anateremka Wesha kutafuta chombo cha kumvusha Tanga, akapumzike na maneno ya watu. Bandarini Wesha mchukuzi mmoja naye akaapa kwamba saa mbili usiku alimwona mzee wa kanzu akipanda chombo cha mizigo. Kwa hiyo tangu alfajiri nguvu yote ya kituo ilikuwa majini, boti ya doria na askari wanne.

Saa nne na nusu nahodha wa chombo hicho akapatikana kwa simu. Mzee wa kanzu alikuwepo kweli, tena alilala fofofo juu ya magunia njia nzima, ila alikuwa mfanyabiashara wa dagaa wa Mkoani mwenye ndevu mpaka kifuani. Maalim Nabhan hunyoa kila siku. Modester aliiweka simu mezani taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Asubuhi nzima imepotea baharini, na yule mzee yuko nchi kavu mahali fulani, damu yake inageuka sumu.

Akamwomba Noel aeleze tena alivyoagwa. Noel akaeleza. Neno kwa neno, kama alivyoeleza alfajiri, na pale alipotua alfajiri akatua tena. Modester ameandika maelezo ya watu kwa miaka kumi na tisa. Anayekumbuka jambo hupotea njia kidogo, akarudi nyuma, akajisahihisha. Noel hakupotea hata mara moja.

Mezani palikuwa na karatasi mbili ambazo Noel mwenyewe aliwagawia watu jana kwa majivuno. Ilikuwa orodha ya miendo yote ya mchezo, na mbele ya kila mwendo saa ulipochezwa, mpaka sekunde. Modester hajui sataranji. Anajua kusoma saa. Alipitisha kidole kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya na akikaa bure angeanza kuuma kucha mbele ya mwenye msiba wake.

Mashine ilijibu kwa sekunde ishirini, thelathini, mara mojamoja dakika nzima. Noel alishaeleza kwamba imewekwa ifikiri zaidi palipo pagumu. Sawa. Lakini kwenye mwendo wa ishirini na tatu mashine ilikaa dakika nne na sekunde kumi.

Aliisukuma karatasi kwa Bi Zuweina, aliyefundishwa mchezo huo na baba yake kabla hajajua kusoma, akamwuliza kama hapo palikuwa pagumu sana. Bi Zuweina aliinama, midomo ikicheza, akarudisha mchezo mzima kichwani.

"Hapana, Afande. Hapa baba amemla malkia wa mashine, na wa kwake amebaki wazi palepale. Ni kumla tu, hakuna mwendo mwingine. Mtoto wa chuo cha Kurani asingefikiri hapa."

Modester akamgeukia Noel bila kupandisha sauti.

"Mashine ilikuwa inawaza nini dakika nne?"

"Mtandao," Noel alisema. "Ulikatika kidogo."

"Jana uliwaambia watu mashine haihitaji mtandao. Ukachomoa waya mbele yao, wakakupigia makofi."

Noel akakohoa. "Basi ni joto. Kompyuta ikipata joto inakuwa nzito."

Modester akatikisa kichwa kama aliyeridhika. Akamtaka radhi kwa maswali ya kipolisi, akamwomba aendelee kumliwaza Bi Zuweina, yeye anatoka mara moja. Uongo wa watu una hulka yake. Anayejua umemshika hufunga mdomo, au hupiga simu kuwaonya wenzake. Mlangoni alimwambia askari wa zamu kwa sauti ya chini kwamba mgeni huyo asiende popote peke yake.

Uani alimkuta Koplo Himid, mzaliwa wa Chake Chake, mtu wa makamo ambaye jana alikuwa ukumbini kama mtazamaji, na tangu jana alikuwa na huzuni ya kweli kwa sababu Maalim alimfundisha hesabu. Modester akamwuliza kuhusu joto. Himid akasema joto lipi, viyoyozi viliwatetemesha watu mpaka wazee wakaomba vipunguzwe. Modester akamwonyesha karatasi. Mbali na zile dakika nne za mashine, palikuwa na kituo kingine kirefu juu kidogo, mwendo wa ishirini na moja, na hicho kilikuwa cha Maalim mwenyewe. Saa tisa na dakika thelathini na sita, dakika tatu kamili.

Himid hakuhitaji hata kufikiri. Hicho alikiona kwa macho yake. Msikiti wa Tibirinzi ulipoadhini alasiri, Maalim aliinua mikono kutoka kwenye ubao, akaiweka mapajani, akaitikia adhana mpaka mwisho, akaomba dua yake, ndipo akacheza. Ukumbi mzima ulinyamaza naye.

"Hapa kwetu mtu hachezi adhana ikiwa juu," Himid alisema. "Keram, dama, karata, vyote vinalala."

Modester alilijua hilo. Ana miaka minne Pemba, Mkatoliki na rozari yake, na hata yeye adhana ikianza huizima redio ya jikoni, maana jirani yake Bi Mwatum alimzoesha hivyo tangu mwezi wa kwanza. Akaitazama karatasi tena. Maalim alitua saa tisa thelathini na sita. Mashine ilitua saa tisa arobaini na nne.

"Himid," alisema, "hii mashine ilikuwa inasikiliza adhana."

Himid alimtazama asielewe, kisha akaelewa, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hapakuwa na mashine. Palikuwa na mtu, mahali fulani, ana simu mkononi, anauona ubao na kujibu, na skrini ya ukumbini inaonyesha majibu yake; waya uliochomolewa ulikuwa wa kuwazuga watu tu. Mtu huyo ni Muislamu wa kisiwani humuhumu. Adhana ya kwao ilipoanza aliweka simu chini kama alivyolelewa, akasahau kabisa kwamba leo yeye ni kompyuta. Noel, mtu wa bara ambaye hajamaliza mwezi Pemba, hakujua hata kama kuna jambo la kumtahadharisha. Na Maalim Nabhan, aliyefundisha sataranji miaka thelathini, angekosaje kuujua mkono wa binadamu? Alitoka ukumbini akaenda moja kwa moja kwa aliyemfunga. Alipo mtu huyo ndipo alipo Maalim, na Wesha ilikuwa changa la macho.

Ikabaki kujua ni msikiti upi ulioadhini dakika nane nyuma ya Tibirinzi.

Kazi hiyo iliwatoa jasho kwa muda wa saa moja na nusu, na Modester hakuwa na saa moja na nusu ya kuchezea. Himid aliwapigia waadhini aliowajua, na asiowajua akawatafuta kupitia shemeji zao. Wa Wesha akasema thelathini na saba. Wa Chachani thelathini na tano, na akataka kujua polisi wanamtafutia nini. Wa Gombani akasema arobaini na tatu. Modester akaruka juu, funguo za gari mkononi, wakawa wameshafika getini, ndipo yule bwana akapiga tena kusema samahani, hiyo ilikuwa Ijumaa. Modester alirudi akaegemea ukuta. Aliogopa. Aliogopa kwamba ameujenga mnara mzima juu ya dakika nne za karatasi, na kwamba wakati yeye anahesabu adhana kuna mzee anakata roho.

Saa sita na robo wakampata Mzee Jecha, muadhini wa msikiti mdogo ulioko ndani ya mashamba ya karafuu ya Wawi. Mzee Jecha alikuwa na malalamiko yake kwanza, na Himid ikambidi ayasikilize. Nguzo ya umeme imeanguka tangu jana mchana na hakuna aliyekuja kuisimamisha mpaka leo.

"Alasiri nkangoja umeme, nkangoja, haurudi," mzee alisema. "Nkatoka mlangoni nkaadhini kwa mdomo wangu. Saa tisa na arubaini na nne. Miye saa yangu haikosei."

Kwa mdomo. Modester alimnyang'anya Himid simu kabla hajaomba ruhusa. Kipaza sauti kingefika Wawi nzima, lakini koo la mzee wa miaka sabini linafika hatua mia mbili, na hapo upepo uwe wa kwake. Akamwuliza ni nani anayekaa karibu na msikiti. Mzee Jecha akajibu kwamba ni msimu wa karafuu, watu wanatoka alfajiri kwenda kuchuma na hawarudi mpaka jua lizame, mitaa mitupu. Aliyebaki ni Maher tu, maskini, naye haendi popote.

Himid alipolisikia jina hilo alikwenda kufungua gari bila kusubiri amri. Njiani alieleza. Maher alikuwa mwanafunzi mmoja wa Maalim, tena kipenzi chake, kijana aliyewakilisha Zanzibar kwenye sataranji akiwa bado skuli. Miaka sita iliyopita aliteleza kileleni mwa mkarafuu, akaanguka kwa mgongo, na tangu siku hiyo kuanzia kiunoni kwenda chini hana kitu. Anaishi na mama yake. Msimu huu mama yuko kambi ya karafuu, hurudi Ijumaa.

Modester aliita gari la wagonjwa, kisha akabaki kuitazama barabara. Pande zote mbili majamvi yameanikwa karafuu, Himid anapiga honi, watoto wanavuta majamvi, na yeye anahesabu saa. Sita na nusu. Magharibi bado, alijiambia. Lakini daktari alisema magharibi kwa kukisia tu.

Nyumba ilikuwa ya mawe na bati, mlango umerudishwa. Modester alipiga hodi.

Sauti ya kukauka ikajibu kutoka ndani. "Noel? Ingia, Noel. Fanya haraka."

Akausukuma mlango. Maher alikuwa sakafuni, amejiburura mpaka pembeni ya kitanda, kitambaa kibichi mkononi. Kitandani alilala Maalim Nabhan na kanzu yake ya jana, midomo imepasuka, anavuta pumzi ndefu za haraka zenye harufu ya matunda yaliyochacha. Modester alimwita kwa jina mara mbili, akamfinya mkono. Macho hayakufunguka. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga, na Modester alikiacha kidole chake juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Daktari yuko wapi?" Maher aliuliza. "Noel kasema yuaja na daktari."

Dakika kumi za kulisubiri gari la wagonjwa zilitosha kwa maelezo. Maher hakuficha kitu. Noel alimpata mtandaoni, akamlipa acheze badala ya programu, kwa sababu programu yenyewe ilikuwa inafungwa na kila mtu na Jumatatu wakubwa wanatia saini mkataba wa kuinunua kwa skuli zote. Kwamba mpinzani atakuwa mwalimu wake, Maher hakuambiwa mpaka pambano limeanza. Magharibi Maalim akaja kwa bodaboda. Maher alijua amekuja kumtukana.

"Hakunitukana. Kakaa hapo kitandani, kanambia, umenifunga vizuri. Nimekujua ulipomtoa farasi pembeni, hilo nimekufundisha weye peke yako. Miaka sita sikuja kukutazama, sikujua nije niseme nini." Maher alijifuta uso kwa kile kitambaa kibichi. "Kisha kataka ubao. Tumecheza mpaka usiku. Kakataa kurudi, kasema barazani watu wamemkalia kumpa pole."

Kuhusu sindano Maalim hakumwambia kitu. Alfajiri akaanza kutapika na kunywa maji mtungi kwa mtungi. Simu yake ilishazima. Ya Maher ilikuwa na chaji kidogo, na mtu aliyemjua mwenye gari alikuwa mmoja tu, Noel, ambaye usiku uleule Maher alishamwarifu kwamba Maalim yuko kwake. Alimpigia saa moja na nusu asubuhi. Noel akamjibu kwamba anakuja na daktari sasa hivi, asimwite mtu mwingine, mambo yasije yakaharibika kabla ya saini. Saa tatu akampigia tena. Noel akasema yuko njiani. Hapo simu ikafa. Maher alijiburura mpaka mlangoni akapiga kelele hadi sauti ikakatika, lakini watu wote wako karafuuni.

Modester aliandika saa zote mbili. Saa moja na nusu Noel aliinuka kwenye benchi lake, kando ya Bi Zuweina, akatoka uani na simu, akarudi kukaa palepale. Saa tatu alikuwa ametoka kwenda kununua mandazi. Hasira ilimpanda mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Akampigia Bi Zuweina, akamwambia mambo mawili tu, baba amepatikana hai na aje hospitali. Sauti ya Noel ilisikika nyuma, inasema atampeleka yeye, gari lake liko tayari.

Saa tisa daktari alitoka, glavu bado mikononi, akamwambia Modester kwamba mgonjwa amewahishwa. Ameshafumbua macho mara moja. Angecheleweshwa mpaka jioni, wangekuwa wanazungumza mengine. Modester alikaa kwenye ngazi za hospitali. Himid alikuwa amesimama nyuma ya Noel, karibu, pingu mfukoni, anasubiri ishara. Noel alikuwa analitazama gari lake.

Bi Zuweina alitoka wodini uso umelowa, sasa ndiyo alikuwa analia. Alimshukuru Modester, akamshukuru Himid, kisha akamwendea Noel akasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Mungu akulipe, kaka Noel," alisema. "Akulipe kwa kila saa uliyokaa nami leo."

"Amina," akaitikia.

Modester aliinuka kwenye ngazi. Hakutaka kulisema pale, mbele ya wagonjwa na wapita njia, lakini hakuona haki ya kumwacha mwanamke yule aingie tena ndani bila kujua. Akamweleza kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida. Saa moja na nusu asubuhi, simu ya kwanza. Saa tatu, simu ya pili. Aliyepokea ni huyu.

Noel alianza kusema kwamba hakujua hali ni mbaya kiasi hicho, kwamba alidhani mzee amechoka tu, kwamba ilikuwa ni mpaka kesho asubuhi. Hakuna aliyemsaidia kumaliza.

"Dua yangu siiondoi," Bi Zuweina alisema. "Akulipe kwa kila saa. Na amina umeitikia mwenyewe."

Akajifuta macho kwa ncha ya buibui, akarudi ndani kwa baba yake.